Maji Hayana Haraka: Paa Bapa Juu ya Jengo Letu Jipya

(Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Muze)



Nilipoletewa barua ya kunitaka nizungumze, nilidhani nitaombwa nisimulie habari za zamani: maharage ya bwenini, kengele ya saa kumi na moja alfajiri, na jinsi tulivyopanda mlima kwa miguu kwenda Sumbawanga lori lilipoharibika. Habari hizo ninazo tele, na Ndugu Katibu anaomba nisizitoe zote. Lakini ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nyingine: mchoro na makisio ya jengo tunalolichangia, yaani maabara mbili na maktaba, upana mita 8 na urefu mita 25. Nikaulizwa, kwa kuwa mimi ni mhandisi wa Serikali, niseme neno juu ya paa lake.

Kamati imependekeza paa bapa. Limekusudiwa liwe slabu ya zege iliyomwagwa juu ya bati nene la kubebea zege, juu ya mihimili ya chuma, ili siku tukipata uwezo tupandishe ghorofa. Wengi wenu mmelipenda wazo hilo, na picha iliyochorwa inapendeza. Leo nitawaeleza jinsi paa la namna hiyo linavyopaswa kubuniwa ili lisivuje. Nitawaeleza pia jambo moja ambalo sijapata kulisema hadharani. Mkimaliza kunisikiliza mtaamua wenyewe.

Kwanza, bati hili ni kitu gani? Msifikirie bati la geji 28 lililo juu ya nyumba zetu, ambalo unene wake ni karibu milimita 0.4 tu. Bati la kubebea zege lina unene wa mara mbili hadi tatu ya huo, limekunjwa mabonde na matuta yenye kina cha sentimita 5 na zaidi, na limetiwa zinki pande zote mbili. Mafundi hulitandika juu ya mihimili, hulifunga, huweka wavu wa nondo nyembamba juu yake, kisha humwaga zege. Zege likishakauka, bati haliondolewi. Vijipele vilivyogongwa kwenye bati hulishika zege lisiteleze, na viwili hivyo huwa kitu kimoja: zege hubeba mkandamizo upande wa juu, bati hubeba mvuto upande wa chini. Kwa maneno mengine, bati linafanya kazi ya nondo.

Faida zake ni za kweli. Mabati hayo hubeba zege bichi kwa nafasi ya karibu mita 3 kati ya mhimili na mhimili bila mirunda chini yake. Mnaojua tulivyomaliza miti ya mlima wetu kwa kuni na mirunda mtaiona faida hiyo. Tena mabati hupangwa kwenye lori na kushushwa mlima kwa safari chache, na kazi huenda haraka. Wala chuma si kitu kigeni kwa Mfipa. Babu zetu kule juu walijenga malungu, yale matanuri ya udongo marefu kupita kimo cha mtu, wakayeyusha mawe yenye chuma bila mtu kuvuta mivukuto, kwa upepo uliojivuta wenyewe. Kazi hiyo iliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20, na masalio ya malungu bado yapo uwandani. Waliojua chuma walijua pia adui yake. Jembe lililoachwa nje masika halikuwa jembe tena.

Adui huyo ndiye ninayetaka kumzungumzia. Maji hayana haraka. Mhandisi ana tarehe ya kukabidhi jengo, mkandarasi ana deni dukani, mgeni rasmi ana ratiba yake. Maji hayana tarehe. Yakipata tundu la sindano yatangoja, yatarudi masika yajayo, na yajayo, mpaka yapite.

Ndugu zangu, hapa ndipo ninapotaka kulisema jambo langu.

Nilipokuwa na miaka michache kazini, katika wilaya moja mbali na hapa, nilipewa kusimamia jengo la wodi ya wazazi. Paa lake lilikuwa kama hili tunalolitaka: zege juu ya bati. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na daftari zangu, na hesabu za mihimili nilizifanya mara tatu. Mihimili ile mpaka leo haina kasoro. Kasoro ilikuwa juu yake.

Zege lilimwagwa, na siku chache baadaye ikanyesha. Kwa kuwa ufunguzi ulikuwa umekaribia, mkandarasi aliomba ruhusa abandike matandiko ya lami zege likiwa na majuma mawili tu. Juu lilionekana kavu. Nilipiga goti, nikapapasa kwa kiganja, nikaridhika. Nikatia sahihi.

Mlinzi wa pale, mzee mmoja wa makamo, alinifuata jioni ile. Akasema, "Mwanangu, naomba uje uone. Maji yanalala pale pembeni, hayaendi kwenye tundu." Nikamjibu kwa adabu kwamba ni kidogo, jua litayakausha. Sikupanda tena juu kutazama. Nilikuwa na barua za mwaliko za kugawa.

Kiangazi kilipofika, lami ikaanza kuvimba kama ngozi iliyoungua. Sababu niliielewa baadaye. Zege la kawaida, likiwa na mbao chini yake, mbao zikiondolewa hukauka juu na chini. Zege lililo juu ya bati halina njia ya chini, kwa maana bati limeziba. Unyevu wote hauna budi kutokea juu. Ukiwahi kulifunika juu, umeufungia unyevu katikati ya chuma na lami. Jua likipiga, unyevu unageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, unainua lami. Malengelenge yale yakapasuka.

Masika yakaja, na wodi ikavuja. Tone lilikuwa juu ya kitanda cha tatu. Tukaenda juu ya kitanda cha tatu tukaziba. Mvua iliyofuata ikavuja palepale. Tukaziba tena. Mara ya tatu ndipo nilipojifunza jambo ambalo nawaomba vijana mlishike: kwenye paa la bati na zege, mahali panapodondoka sipo palipotoboka. Maji yakishapita kwenye zege hutua katika mabonde ya bati, husafiri ndani yake kama kwenye mfereji, na hutokea penye kiungo cha kwanza kilicho wazi. Tundu letu lilikuwa pembeni, pale alipoonyesha mzee, kama mita 9 kutoka kitanda cha tatu.

Kina mama walijifungua wakiwa na mabeseni katikati ya vitanda. Muuguzi wa zamu aliyapanga kwa ustadi, kila beseni mahali pake, na kila nilipokwenda alinisalimu kwa heshima tu, wala hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.

Baada ya misimu minne tulifungua dari ndogo iliyokuwa chini. Bati lilikuwa limeliwa. Kwenye viungo ukisukuma bisibisi inapita. Kumbukeni nilivyosema: bati lile ndilo nondo ya slabu. Lililokuwa likioza halikuwa pambo, lilikuwa nguvu ya paa lenyewe, juu ya vichwa vya wazazi na vichanga. Wodi ilifungwa miezi mitano, tukaongeza mihimili, tukaondoa lami yote. Miezi hiyo mitano kina mama walipelekwa mbali. Katika taarifa niliandika kwamba aliyeruhusu lami kubandikwa kabla ya wakati ni mimi. Wakubwa wangu walinionya, wakaniacha kazini. Yule mzee mlinzi nilimtafuta nimwombe radhi, nikaambiwa amekwisha kustaafu na kurudi kwao.

Nimeyasema haya si kwa kujidhili. Nimeyasema kwa sababu katika makisio mliyoniletea, kinga ya maji imepewa mstari mmoja tu: "kupaka lami mara mbili". Nilipousoma nilikiona kitanda cha tatu.

Sasa tuje kwenye ubunifu wenyewe. Nitataja mambo sita.

La kwanza ni mteremko. Paa bapa lisiwe bapa. Jina hilo limetudanganya wengi. Kanuni ya kazi ni kwamba paa likimalizika, kila mahali pabaki na mteremko usiopungua sentimita 1.25 kwa kila mita moja. Ili upate huo, huna budi kubuni mara mbili yake, yaani sentimita 2.5 kwa mita, kwa sababu mhimili hupinda kidogo ukibebeshwa mzigo na mkono wa fundi nao haufanani na mstari wa rula. Kwa jengo letu la upana wa mita 8, tukiteremsha kuelekea upande mmoja, ni tofauti ya sentimita 20 kutoka ukingo hadi ukingo. Maji yanayolala yana uzito: kina cha sentimita 1 juu ya mita moja ya mraba ni kilo 10. Uzito huo hupindisha paa kidogo, penye kupinda maji huongezeka, na yakiongezeka hupindisha zaidi. Mapaa mapana ya chuma yamepata kuanguka kwa mchezo huo.

Mteremko uwekwe wapi? Njia nyepesi ni kuinamisha mihimili yenyewe tangu mwanzo. Ukijenga slabu iliyonyooka kisha ukaongeza zege la mteremko juu, wastani wake utakuwa unene wa sentimita 10, yaani zaidi ya kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Kwa mita za mraba 200 ni zaidi ya tani 40 zilizokaa juu bila kufanya kazi nyingine. Lakini hapa kuna fumbo, nalo nitalirudia: paa hutaka kuinama, sakafu ya ghorofa hutaka kunyooka. Slabu moja haiwezi kuwa vyote viwili.

La pili ni kungoja. Zege likae likauke. Siku 28 tunazofundishwa darasani ni za nguvu ya zege, si za ukavu wake. Kuna kipimo ambacho hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kukifanya. Kata karatasi ya nailoni, nusu mita kwa nusu mita, ibandike juu ya zege kingo zote nne kwa gundi ya utepe, iache usiku kucha. Asubuhi ifunue. Ukiona matone au zege limegeuka jeusi, bado. Rudia mahali pengi, hasa mabondeni. Tupange basi zege limwagwe baada ya masika, mwezi wa Mei au Juni, na kinga ya maji ibandikwe kabla ya mvua za Novemba. Kalenda ya bonde hili inatusaidia tukiifuata.

La tatu ni matandiko yenyewe. Lami ya kupaka kwa brashi si kinga ya paa. Tuweke tabaka mbili za matandiko ya lami yanayobandikwa kwa moto wa gesi, ya pili ikifunika viungo vya ya kwanza. Ubandikaji uanzie chini kwenda juu, kama makuti na kama bati, ili kila kiungo kipewe mgongo na maji. Fundi aanze na zege safi lililopakwa lami nyepesi ya kushikia. Na juu ya yote iwekwe kinga ya jua: rangi nyeupe maalumu au kokoto laini. Hapa Muze hatuko uwandani. Kule juu watu wanavaa makoti, huku chini tunatafuta mwembe. Chuma cha urefu wa mita 10 kikipata tofauti ya joto ya nyuzi 40 kati ya alfajiri na adhuhuri hurefuka karibu milimita 5. Ni kidogo kwa macho, lakini kwa lami iliyokauka kwa jua ni kupasuka. Tukipata uwezo, tuweke na mbao za povu gumu za kuzuia joto juu ya slabu, chini ya lami. Zitalituliza zege, na wanafunzi wa maabara hawatapikwa pamoja na majaribio yao.

La nne ni pembeni. Mapaa hayavuji katikati. Huvuja penye ukuta, penye bomba na penye tundu la maji. Matandiko yapandishwe kwenye ukuta wa ukingo sentimita 15 zisizopungua juu ya uso wa paa, na kichwa chake kifungwe kwa ukanda wa chuma ili maji yasiingie nyuma. Penye kona kati ya sakafu na ukuta, fundi ajaze saruji kwa mshazari, kwa maana lami haikubali kukunjwa pembe mraba, huvunjika. Na mabomba ya umeme na ya gesi ya maabara yasitoboe paa ovyo. Yakusanywe mahali pamoja, au yapite ukutani.

La tano ni njia za kutokea maji. Mvua moja ya milimita 50 kwa saa, nayo si ajabu huku bondeni, ikinyesha juu ya mita za mraba 200 ni lita 10,000 katika saa hiyo. Tundu moja halitoshi. Ziwe mbili au zaidi, zikae mahali pa chini kabisa, na kila moja iwe na kikapu cha kuzuia majani. Jengo letu linajengwa karibu na miembe, na mwembe hauchagui pa kudondosha. Isitoshe, ukuta wa ukingo utobolewe matundu ya dharura, kama sentimita 5 juu ya usawa wa yale ya kawaida. Yale ya kawaida yakiziba, maji yatatoka kwa dharura na kila mtu atayaona yakirukia uani. Hiyo ndiyo kengele ya paa. Na maji hayo yasipotee. Masika yakileta milimita 800, paa hili litatoa lita 160,000. Wadogo zetu wanaobeba ndoo kutoka mtoni waelewe hesabu hiyo inawahusu.

La sita ni kulijaribu. Kabla ya kukabidhiwa, tuzibe matundu yote, tujaze maji, tuyaache saa 48, kina mahali pa chini kisizidi sentimita 10, na mhandisi ahakikishe kwanza kuwa mihimili inabeba mzigo huo. Kisha tuingie ndani na tochi. Mkandarasi atasema maji ni ghali. Mwambieni yaliyoingia bila kualikwa ni ghali zaidi.

Sasa nirudi kwenye fumbo. Wenzetu wa pwani walijenga mapaa bapa karne nyingi kabla yetu. Katika Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba za mawe zilikuwa na dari za boriti za mikoko, mawe ya matumbawe juu yake, na chokaa iliyopondwa siku kadhaa na vikundi vya watu waliofanya kazi kwa nyimbo ili isibaki na nafasi ya maji kupita. Vyumba vyao vilikuwa vyembamba, pungufu ya mita 3, kwa sababu boriti haifiki mbali zaidi. Lakini ukienda leo Mji Mkongwe ukapanda juu na kutazama, unachokiona ni mabati yaliyoinama. Tangu karne ya 19, bati lilipoanza kuletwa kwa meli, wenye nyumba walifunika mapaa yao bapa kwa mapaa ya mteremko. Lamu wengi waliweka makuti juu. Hawakuwa wajinga wa chokaa. Walichoka kupigana na maji kila mwaka.

Kuna na fundisho la huzuni. Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 kwa amri ya Sultani Barghash bin Said, lilikuwa fahari ya Afrika Mashariki, na chuma kilitumika ndani yake kwa wingi. Maji ya mvua kupenya na chuma kuliwa na kutu vilikuwa miongoni mwa maradhi yake ya miaka mingi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya upande wa mbele ilianguka wakati wa ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Jengo la Sultani halikusamehewa na maji. Letu litasamehewa kwa lipi?

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naona kuna njia mbili za haki.

Njia ya kwanza: tukiwa na hakika hatutapandisha ghorofa, tujenge paa bapa la kweli. Mihimili iinamishwe, na mambo sita niliyoyataja yatimizwe yote bila kupunguzwa hata moja.

Njia ya pili: tukikusudia ghorofa, slabu yetu ijengwe imenyooka, kama sakafu, na kwa sasa ifunikwe kwa paa jepesi la bati la kawaida lenye mteremko, juu ya kenchi za chuma zilizofungwa kwa nati. Siku ya kupandisha ghorofa, kenchi zitafunguliwa na kurudishwa juu ya ghorofa hiyo. Hakitatupwa kitu. Slabu itakaa kivulini, kavu, na bati lake litakuwa zima siku tutakapolihitaji.

Mimi ninaiunga mkono njia ya pili. Najua picha haitapendeza kama ile iliyochorwa. Najua wapo waliochanga kwa kuipenda ile picha, na wengine ni rafiki zangu wa dawati moja. Lakini fedha tulizonazo hazitoshi kutimiza mambo sita kwa uaminifu, na tukiyatimiza matatu tutakuwa tumejenga wodi yangu ya wazazi mara ya pili. Nimeombwa nitie sahihi michoro kwa kujitolea. Kwa njia yoyote kati ya hizo mbili nitatia. Kwa slabu iliyonyooka, isiyo na paa juu yake, na lami ya brashi, sitatia, hata nikiombwa na Mwenyekiti ambaye aliwahi kunigawia kipande chake cha nyama.

Wadogo zangu, neno la mwisho ni lenu. Wanaosema paa linavuja kwa sababu ya jicho la mtu, wakumbusheni kwamba Sumbawanga maana yake ni tupa uchawi. Paa huvuja kwa mteremko uliokosekana, kiungo kilichofunguka, au jani lililoziba tundu. Naomba Mkuu wa Shule akubali iundwe zamu ya paa: wanafunzi wawili na mwalimu mmoja, kila baada ya mvua kubwa na kila mwanzo wa Novemba. Kazi yao iwe kusafisha magata na matundu, kutazama mahali maji yanapolala, na kuandika katika daftari. Nasi wa zamani tuahidi kutenga kila mwaka fungu dogo la matengenezo, tusingoje mpaka kuwe na jengo la kuomboleza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta nimekwisha kuujenga, naijua bei yake.

Daftari hilo la zamu nimekuja nalo. Nimelinunua Sumbawanga jana, lina kurasa mia mbili. Ukurasa wa kwanza nimeandika maneno ya yule mzee mlinzi: "Naomba uje uone, maji yanalala pale." Mwanafunzi yeyote akija na maneno hayo kwa mwalimu, kwa mkandarasi au kwa mhandisi mwenye digrii, asikilizwe siku hiyo hiyo, na mkubwa apande ngazi akatazame.